Wabatavi hawakulipa kodi, walitoa askari

Wabatavi, kabila la Kijerumani la enzi za Dola la Roma, waliishi kwenye delta ya mto Rhine, Uholanzi ya leo. Roma haikuwatoza kodi, ilitaka vijana wao tu: vikosi 8 vya askari wa miguu, kikosi cha wapanda farasi, na wengi wa walinzi binafsi wa Kaisari. Sifa yao kuu? Kuvuka mto wakiogelea na farasi, silaha mwilini.

Mwaka 69 baada ya Kristo mambo yakaharibika. Maofisa wa Kaisari Vitellius waliwaandikisha jeshini hata wazee na wagonjwa ili wajikomboe kwa rushwa. Ujinga mtupu! Julius Civilis, kiongozi wa Wabatavi aliyeitumikia Roma miaka 25, akaasi na kuizingira ngome ya Kirumi ya Vetera hadi njaa ikawasalimisha waliokuwemo. Jenerali Mrumi Cerialis aliuzima uasi mwaka 70, lakini msamaha wa kodi ulibaki. Mwaka 1619 Waholanzi wakaupa mji wa Jakarta jina la Batavia, kutokana na Wabatavi.