Mabinti wa Plantin

Ijumaa nikiwa sina zamu huwa napita Vrijdagmarkt, hapa Antwerp, kwenye mnada wa mitumba. Kitanda changu cha kwanza Ubelgiji nilikipata pale. Uwanjani hapo hapo kuna jumba ambalo miaka miwili nzima nilidhani ni ofisi ya serikali. Wiki iliyopita mvua ilinikimbiza, nikaingia.

Kumbe ni nyumba ya wapiga chapa, Plantin-Moretus. Mitambo ya mbao bado imesimama, miwili ni ya tangu 1600 hivi. Kuna masanduku ya herufi za madini ya risasi, kila herufi na kijumba chake, zote zimegeuzwa kinyume. Harufu ya wino sikuisikia, nikaitamani.

Mwanzilishi, Christophe Plantin, naye alikuwa wa kuja. Mfaransa, fundi wa kujalidi vitabu. Watu wakamfananisha usiku, wakamchoma kisu begani, kazi ya kujalidi ikamshinda. Mwaka 1555 akaanza kupiga chapa. Mwaka 1562 kijitabu cha uzushi wa dini kikakutwa kimechapwa kwake, mali yake ikapigwa mnada. Akaanza upya kwa mtaji wa wenzake. Akatoa Biblia ya lugha tano, majuzuu manane, chini ya ahadi ya fedha za mfalme wa Hispania, na fedha za mfalme mnajua zinavyochelewa. Mwaka 1576 askari wa mfalme huyo huyo, hawajalipwa mishahara, wakaupora mji. Plantin akailipia nyumba yake fidia mara tisa.

Lakini kilichonisimamisha ni mabinti. Plantin hakubakiwa na mtoto wa kiume, ana mabinti watano. Wakafundishwa kusoma tangu wadogo, wakasaidia kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio. Magdalena, mtoto tu, alikuwa akipeleka kurasa za Kiebrania na Kigiriki kwa mhariri wa ile Biblia na kumsomea. Martina alishika biashara ya lesi, kisha akaolewa na Jan Moretus, aliyekuwa akifanya kazi pale tangu kijana. Hao wawili ndio walioachiwa mitambo ya Antwerp. Wakwe wengine walinuna, wakasuluhishwa. Nyumba ikabaki mikononi mwa ukoo hadi 1876, ilipouzwa kwa manispaa.

Ba'mdogo alikuwa na mashine moja Tanga, ya kukanyaga kwa mguu. Kadi za harusi, vitabu vya risiti. Binti yake mkubwa ndiye aliyekuwa akipanga herufi, haraka kuliko baba. Arobaini ilipopita, wajomba na kaka zake wakasema huyu ataolewa, mashine itakwenda kwa watu. Ikaenda kweli, kwa kilo, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nilimtumia binti huyo picha ya mtambo wa Plantin. Akanijibu kwa sauti, nyuma nasikia watoto wanapiga kelele:

“Kaka, hiyo ya kuvuta kwa mkono itakuchosha. Wanaiuza?”