Kimeng'enya Kuwapo Si Ushahidi Tosha

Wanaosoma magonjwa ya mimea hufundishwa mapema kwamba kuvu hujipenyeza kwa kuyeyusha kinga za mmea: kutini, tabaka la nta iliyoufunika uso wa jani, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho kutinasi, na pektini inayoshikamanisha seli huvunjwa na kingine, pektinasi. Hayo ni kweli. Tatizo langu ni pale mtu anapopima vimeng'enya kwenye chupa ya maabara, akakuta kuvu moja inatoa vingi kuliko nyingine, kisha akatangaza kuwa hiyo ndiyo kali zaidi shambani.

Kutinasi yenyewe ilizua ubishi mrefu. Mwaka 1989 kundi la mtafiti Kolattukudy, huko Marekani, liliipandikiza jeni yake kutoka Fusarium, kuvu ya njegere, kwenye Mycosphaerella, kuvu ambayo kwa kawaida huingia kwenye papai kupitia majeraha, na papai lisilo na jeraha likaanza kuugua. Lakini mwaka 1992 watafiti Stahl na Schäfer waliiharibu jeni hiyo ndani ya Fusarium yenyewe, na njegere zikaendelea kuambukizwa kama kawaida. Miaka miwili baadaye kundi la Kolattukudy likajibu kwa majaribio yaliyoonyesha ukali umepungua. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Kwenye mahindi, kuvu iitwayo Cochliobolus carbonum ilifafanua sehemu ya fumbo hilo la kimeng'enya kukosekana na ugonjwa kuendelea. Jeni ya pektinasi moja ilipoharibiwa, ugonjwa haukupungua, kwa kuwa kuvu hiyo ina vimeng'enya kadhaa vya kazi zinazokaribiana, na kimoja kikikosekana vingine hubaki. Ilipoharibiwa SNF1, jeni inayosaidia kuwasha jeni nyingi za vimeng'enya hivyo kwa pamoja, utoaji wa vimeng'enya ulishuka na ukali wa kuvu ukashuka nao.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, hauhusu kuta za seli. Mizizi ya oti ina avenasini, kemikali inayoua kuvu, na Gaeumannomyces, kuvu inayoozesha mizizi ya nafaka, ina kimeng'enya cha kuivunja, avenasinasi. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba kuvu iliyonyang'anywa kimeng'enya hicho hushindwa kuambukiza oti, ilhali ngano, ambayo haina avenasini, huiambukiza vilevile. Kwa hiyo anayeniletea jedwali la vipimo vya chupa nitamuuliza kwanza ni mmea gani uliohusika, na kuvu ilifanya nini juu yake ilipokikosa kimeng'enya hicho.