Jumanne ya mwakilishi wadi wa mlimani

Wadi yetu iko ncha ya kaskazini ya Kaunti ya Bungoma, pale shamba la mwisho la viazi linapopakana na msitu wa Mlima Elgon. Bunge la kaunti lina wadi 45. Wapo wenzangu wanaotoka nyumbani kwao kwa miguu wakafika bungeni bila kutoa jasho. Sisi huku kufika kwetu kunategemea mvua imeamua nini. Hii ni Jumanne ya mwezi Mei, mvua ya masika imeshika, na bajeti ya kaunti iko mezani kwetu sisi wawakilishi wadi.

Saa kumi na moja alfajiri

Watu wa kwanza hufika mlangoni kabla hakujapambazuka, kwa sababu wanajua nikishateremka bungeni, mjini Bungoma, sionekani tena hadi usiku. Yupo baba aliyeshika barua ya shule ya upili, kijana wake amerudishwa kwa karo. Namwandikia jina kwenye orodha ya basari ya wadi, kisha namweleza kwamba ya eneobunge iko kwa mbunge na fomu zake huchukuliwa kwenye ofisi ya NG-CDF, hazina ya maendeleo ya eneobunge. Wapo vijana wa bodaboda wanaotaka kalavati iliyosombwa na maji irudishwe. Sehemu kubwa ya asubuhi yangu ni kuelekeza: hili ni la kaunti, hili ni la serikali kuu, hili la chifu. Mtu aliyetembea gizani hastahili kuambiwa tu "si kazi yangu". Lazima aondoke akijua mlango wa pili uko wapi.

Kando, kwenye benchi, ameketi nyanya mmoja aliyejitanda leso mbili kwa baridi. Anasubiri wote waishe. Mkaza mwanawe alijifungulia njiani juma lililopita wakimteremsha kuelekea hospitali ya Kapsokwony. Mama na mtoto wako salama, anasema, na hakuja kuomba pesa.

"Mwanangu, ile nyumba mlitujengea ya nini?"

Saa moja asubuhi

Nyumba anayosema ni zahanati. Napanda hadi huko na mzee wa kijiji pamoja na mwenyekiti wa kamati ya zahanati, ambaye ndiye anayetunza ufunguo. Kufuli limeanza kushika kutu na linafunguka kwa kubembelezwa. Ndani kuta ni nyeupe pee, rangi ya bluu imepita chini vizuri. Kitanda cha kujifungulia kiko katikati ya chumba, bado kimefungwa nailoni kilivyoletwa. Kwenye vioo vya madirisha, upande wa nje, watoto wameandika majina yao kwa kidole juu ya vumbi.

Jengo halina kasoro. Kinachokosekana ni muuguzi, dawa, na cheti cha kufungua. Katika hesabu za kaunti, jengo hutoka kwenye fungu la maendeleo, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka fungu hilo lisipungue asilimia 30 ya bajeti. Mshahara wa muuguzi na dawa hutoka kwenye fungu la matumizi ya kawaida. Ni mafungu mawili, kurasa mbili tofauti, na mara nyingine maafisa wawili wasioketi meza moja. Ukuta ukiandikwa kwenye ukurasa mmoja na muuguzi asiandikwe kwenye ule mwingine, unapata hiki tulichosimama ndani yake.

Na hasara haiishii kwenye jengo tupu. Tangu Oktoba 2024 tulipoingia SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, matibabu ya msingi katika zahanati yanapaswa kulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa kila aliyejisajili. Lakini kituo lazima kwanza kipate leseni na kiwe na mkataba na SHA. Watu wetu wamejisajili kwa simu, kwa bidii, wengine kwa kupanda kilima kutafuta mtandao. Huduma waliyoisajilia iko nyuma ya kufuli.

Mzee wa kijiji ananiuliza kwa nini nisimlete muuguzi kesho, kwani si nimechaguliwa? Namjibu kwa heshima, na ningependa kila mpiga kura alisikie jibu hili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inanikataza kuingilia utendaji wa serikali ya kaunti au kutoa huduma kana kwamba mimi ni mfanyakazi wake. Siwezi kumhamisha muuguzi hata mmoja. Ninachoweza ni kutunga sheria, kupitisha bajeti au kuikataa, na kuwauliza wanaotekeleza wajibu hadharani. Kifungu hicho hicho kinaniamuru niwe karibu na watu na nishauriane nao kuhusu yaliyo mbele ya bunge. Naliona hilo kuwa ndilo zito kuliko yote, na kwa watu wanaoishi mbali ndilo linalosahaulika upesi.

Saa tatu

Ofisi ya wadi. Msimamizi wa wadi ameleta ratiba ya vikao vya umma kuhusu bajeti. Kikao chetu kimepangwa Kapsokwony, kimoja kwa kaunti ndogo nzima. Kwenye karatasi ni haki: Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuja. Kwenye udongo ni jambo jingine. Mkulima wa huku juu atalipa boda kwenda na kurudi, siku ya palizi imempotea, na mvua ikinyesha mchana atalala kwa watu. Watakaojaza ukumbi ni wa mjini, kisha ripoti itaandikwa kwamba wananchi wa Mlima Elgon wametoa maoni.

Mlima huu una sababu zake za kuogopa karatasi zilizoandikwa bila wenyewe kuwepo. Chepkitale ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, na ilikuwa 2022 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ilipowapa ushindi Ogiek, jamii asilia ya mlima huu, waliokuwa wakiililia ardhi hiyo. Kule Chebyuk, ugomvi wa nani apewe shamba katika mpango wa makazi ulioanza 1971 uliishia kwenye vita vya 2006 hadi 2008. Wapo majirani zangu ambao mpaka leo hawajui walipozikwa watu wao. Kwa hiyo mzee wa hapa akikwambia hataki kutia sahihi, usimcheke. Keti naye, msomee ukurasa wote kwa lugha yake.

Namwambia msimamizi nitaomba kikao kingine huku juu. Ananiambia hana bajeti ya hema wala viti. Sawa, viti tutavipata.

Saa tano

Safari ya kuteremka: Kimilili, Misikhu, Webuye, Bungoma. Punda wanatangulia na viazi hadi lori lilipoegeshwa, na baadhi ya mifuko imejazwa ikaongezwa kilemba juu, ingawa kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Hilo nalo ni la kaunti kusimamia. Nalinakili kwenye daftari kwa ajili ya kamati ya kilimo.

Saa nane u nusu

Spika anaingia, siwa inawekwa mahali pake. Nimeomba nafasi ya Kauli, yaani ombi rasmi la kutaka kamati ilipe bunge maelezo, na zamu yangu ikifika nasimama na karatasi moja. Namtaka mwenyekiti wa kamati ya afya alieleze bunge: zahanati ilikabidhiwa lini kwa idara, ombi la leseni limefikia wapi, kwa nini makadirio ya mwaka ujao hayana muuguzi wala dawa za kituo hicho, na ni vituo vingapi katika kaunti nzima vimekamilika na havijafunguliwa.

Lile swali la mwisho nililiweka makusudi. Ukiuliza la kwako pekee, wenzako wanasinzia. Ukiuliza la kaunti nzima, kila mmoja anakumbuka jengo lake. Wawakilishi wadi kutoka Sirisia na Tongaren wanasimama kuniunga mkono, mmoja baada ya mwingine. Spika anaagiza jibu liletwe kwa maandishi ndani ya wiki mbili.

Naisoma Kauli polepole, neno kwa neno, kwa sababu Hansadi, kumbukumbu rasmi ya bunge, inanakili. Nyanya wa asubuhi hatakuwa na jina humo, lakini swali lake litakuwemo, na hakuna afisa atakayeweza kusema hakuulizwa.

Saa kumi

Kazi yenyewe hufanyika baada ya kikao. Namfuata mwenyekiti wa kamati ya bajeti hadi ofisini kwake. Hana maneno mengi: kiwango cha juu cha matumizi ya idara ya afya kimeshawekwa, ukitaka kuongeza muuguzi sema unapunguza wapi.

Naweza kutaja. Wadi yetu ina pesa za kuchonga barabara mbili, ina darasa la chekechea, ina uzio wa soko. Ningeweza kuukata uzio papo hapo nikarudi nyumbani nikiwa shujaa wa zahanati. Lakini uzio huo uliombwa na akina mama wa sokoni ambao vitunguu vyao huliwa na ng'ombe, na hawajaulizwa. Namwambia: nipe kikao kule juu, watu wenyewe waseme kipi kisubiri, nami nitakuletea majina yao na maoni yao kwa maandishi. Anafikiri. Anasema kamati itapandisha wanachama wachache, mradi nitafute mahali na nitangaze mapema. Namwomba aiandike. Anaiandika, karani anagonga muhuri.

Saa moja usiku

Mvua imetuwahi. Gari linabaki Kapsokwony, namalizia kwa boda, na penye utelezi tunashuka na kusukuma.

Saa tatu usiku

Napitia matanga ya jirani, natoa rambirambi, natoka mapema. Kisha simu. Mwalimu mkuu amekubali kutoa uwanja. Mwalimu wa chekechea atatafsiri kwa Kisabaot, na kijana aliyemaliza chuo ataandika kila hoja pamoja na jina na kijiji cha aliyeitoa, kwa sababu maoni yasiyo na mwenyewe hutupwa. Mwenyekiti wa akina mama wa soko nimempigia mwenyewe, asije akasikia habari ya uzio kwa watu. Amenikaripia kidogo, kisha akasema watakuja wote.

Tangazo litasomwa makanisani Jumapili, na wazee wa vijiji watalipeleka nyumba kwa nyumba juu karibu na msitu. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Mvua ikinyesha tutaingia kanisani, mchungaji ameshatoa ruhusa.