"Madam, mimina hii": chupa za oktani na Forester yangu

Nianze na hesabu, maana mimi ni mwalimu wa kemia na ugonjwa huu hauna dawa. Tanki la Subaru Forester yangu linabeba lita 60. Chupa ya kuongeza oktani inayouzwa hapa mjini Dodoma ina mililita 300. Tuseme petroli niliyojaza ni ya oktani 93. Tuseme pia, kwa ukarimu mkubwa, kwamba chupa nzima ni toluini tupu, ambayo oktani yake inakaribia 120. Chukua 60 mara 93, jumlisha 0.3 mara 120, gawanya kwa 60.3. Jibu ni 93.13.

Ongezeko la 0.13. Kwa bei ya chupa ile ningepata karibu lita nane za petroli.

Kijana anayeziuza nilimfundisha mwenyewe mpaka kidato cha nne, na hesabu za michanganyiko alikuwa anazipata. Nilipomwandikia hii nyuma ya risiti alicheka sana. "Madam, sasa unataka tufunge duka?" Kisha akanionyesha maandishi ya chupa: inaongeza hadi pointi 30. Wateja wake wengi wanadhani 93 inakuwa 123, petroli ya ndege za mashindano. Kwenye biashara hii pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 30 ni oktani tatu, na lile neno "hadi" pembeni yake linabeba mzigo mzito kuliko chupa yenyewe.

Oktani si nguvu. Wanafunzi wangu wanalijua hili. Wazazi wao, wenye magari, ndio kazi. Namba ile inapima uvumilivu: petroli ibanwe na ipate joto kiasi gani kabla haijajiwasha yenyewe. Mizani yake aliipendekeza Graham Edgar mwaka 1926. Iso-oktani ikapewa 100, heptani ikapewa 0, na petroli inayovumilia sawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5 wa hizo mbili ikaitwa ya 95. Ndani ya silinda, cheche ikishapigwa, moto unasafiri kutoka kwenye plagi kwenda pembeni, na mafuta yaliyobaki kona ya mwisho yanabanwa na moto unaokuja. Yakivumilia, moto unayafikia kwa utaratibu. Yakishindwa, yanalipuka yote kwa mkupuo kabla moto haujafika, na injini inagonga ka-ka-ka. Kwenye injini yenye turbo ukiuzoea mlio huo, siku moja utakuta kingo za pistoni zinazoshika ringi zimekatika.

Gari ambalo halifiki kwenye mpaka huo halina cha kufaidi na oktani ya juu. Jirani yangu wa mtaa wa Kisasa ana Toyota IST na anaimiminia chupa kila anaposafiri kwenda Morogoro, anasema inakuwa nyepesi. Sibishani naye tena. Injini yake ilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kwa kiwango chao inatakiwa ifike 89 tu, na kompyuta yake haina mpango wowote wa kutumia ziada.

Forester yangu ni habari nyingine. Ni ya turbo, imetoka Japani kama ilivyo, na ndani ya kifuniko cha tanki kuna kibandiko cha Kijapani ambacho nilikisoma kwa kamera ya simu: petroli isiyo na risasi, ya daraja la juu. Daraja hilo kwa kiwango chao ni kuanzia 96, na sheli zao nyingi huuza ya 100. Sheli ninazojaza mimi Dodoma, pampu haiandiki namba. Kwa hiyo kuna pengo la kweli hapa, na ndiyo sababu sikulicheka wazo la chupa moja kwa moja. Mwenye Subaru STI, Mitsubishi Evo au Toyota Altezza ya injini ile kali ana swali halali kabisa.

Kinachotokea ukiweka mafuta ya chini kwenye gari la namba ya juu, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haikai kimya. Kwenye bloku ya injini kuna sensa ya kugonga, inasikiliza mtetemo. Ikisikia, cheche inacheleweshwa kidogo, na ikizidi, inacheleweshwa zaidi. Injini inapona, lakini nguvu inapungua na ekzosi inapata joto zaidi. Subaru za turbo zinakwenda mbele zaidi: zinatunza kizidishi kimoja, kwenye laptopu ya fundi wangu kinasomeka kutoka 0 hadi 1, kinachoonyesha kontroli boksi inayaamini mafuta kiasi gani. Kikiwa 1, inatumia taimingi yote, yaani kuwahi kwa cheche, iliyopangiwa kiwandani. Kikishuka, imeanza kukunyima.

Kwa hiyo chupa haiongezi nguvu mpya hata siku moja. Kazi yake ya juu kabisa ni kurudisha ulichonyimwa. Kama hukunyimwa kitu, hakuna cha kurudisha, na kujua kama umenyimwa au la ni suala la kusoma namba.

Tulizisoma kwenye mlima Sukamahela. Wanaosafiri kwenda Singida wanaujua: unapita Bahi, unapita Kintinku kwenye tambarare, halafu barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Mama mkwe wangu yuko Manyoni, hivyo safari hazikukosekana, na fundi wangu wa Kizota alikubali kuja na laptopu yake kwa ahadi ya mchele wa Bahi wakati wa kurudi. Masharti niliyaweka mimi: sheli ileile, asubuhi mapema kabla jua halijachachamaa, gia ya tatu, mguu chini kuanzia sehemu ileile ya mteremko hadi ileile. "Madam, wewe tazama malori," alikuwa ananiambia, "namba niachie mimi."

Petroli peke yake: kizidishi 0.75. Petroli na chupa moja kwenye tanki lililojaa: 0.75. Tukaongeza chupa ya pili safari iliyofuata: 0.75, na tofauti ndogo za taimingi zilikuwa za aina ambayo asubuhi ya baridi nayo huzileta. Fundi alikuwa amehisi gari linavuta zaidi. Nilikuwa nimehisi pia. Laptopu haikuhisi.

Aina nyingine ya chupa, tuliyoimimina kwenye tanki lenye robo tu, ilikipandisha kizidishi mpaka 0.87. Hiyo haikuwa hisia. Lakini tazama kilichomo. Hakuna namna mililita mia chache za kimiminika cha kawaida zinaweza kufanya hivyo, hesabu ya juu imeshasema. Chupa za namna hii zinatumia madini: ama kampaundi ya manganizi inayoitwa MMT, ama ferosini, ambayo ni ya chuma. Hizi hazifanyi kazi kwa wingi, zinavuruga mnyororo wa mwako kwa kiasi kidogo sana, ndiyo maana zinaingia kwenye chupa ndogo. Ni jamaa wa mbali wa risasi. Tarehe 9 Desemba 1921 Thomas Midgley, akifanya utafiti kwa General Motors, aligundua kuwa risasi iliyoungwa na ethili inazima kugonga, na dunia ikavuta moshi wake kwa miaka karibu 100. Afrika iliyo kusini mwa Sahara iliachana nayo mwishoni mwa 2005; Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kwa magari, Julai 2021.

Madini hayaungui yakaisha, yanabaki. Tulipofungua plagi baada ya majaribio yale, pua zake zilikuwa na rangi ya udongo wa Kongwa. Utando wa ferosini unapitisha umeme, na ukiwa mzito cheche inatafuta njia ya mkato badala ya kuruka. Sensa ya oksijeni nayo inapakwa. Masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, pia, kama yako hayajauzwa tayari. Magari mengi ninayoyaona gereji yalishang'olewa masega na wenyewe wanajua bei waliyopewa.

Kuna wanaokwepa chupa na kwenda kwenye tina ya rangi, kwa kuwa wamesikia ina toluini. Toluini safi ni kweli inapandisha oktani, lakini rudi kwenye hesabu: kutoka 93 hadi 96 kwenye tanki langu ningehitaji karibu lita saba, na kufika 100 lita 15 na zaidi. Tina ya dukani ni mchanganyiko wa vitu ambavyo hata anayeuza havijui, na baadhi vinalainisha mipira ya mafuta. Mwingine alinishauri gongo, kwa kuwa pombe ina oktani kubwa. Ethanoli inayo kweli, ila gongo lina maji mengi, na maji yanakaa chini ya tanki, hapohapo pampu inapofyonza. Nilimwambia alinywe.

Jambo moja linalosahaulika Dodoma ni mwinuko. Tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, inagonga kwa shida. Marekani, majimbo ya milimani kama Colorado huuza petroli ya 85 kwa hesabu yao, wakati sehemu nyingine ya chini kabisa ni 87, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye Altezza akihamia hapa kikazi kutoka Dar, hitaji lake la oktani limepungua njiani, pengine kwa zaidi ya chupa nzima. Mwenye turbo asifurahi. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi kufidia hewa iliyopungua, hewa inaingia ikiwa ya moto zaidi, na kwenye Subaru intakula, kile kipoza hewa ya turbo, imelala juu ya injini. Oktoba na Novemba, saa nane mchana, ukisimama kwenye foleni kisha ukakanyaga mafuta, unaiona taimingi ikirudishwa nyuma pale pale. Hata ukavu wetu unachangia, maana unyevu wa hewa ya pwani hupunguza kugonga kidogo.

Kuna kijana anafanya kazi Mtumba, ana Subaru WRX, alikuwa amemaliza mshahara kwenye chupa. Gari halivuti, taa ya injini inawaka na kuzima, mafundi wawili wamemwambia ni mafuta ya Dodoma. Fundi wangu alilisoma, likatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, ya sensa ya kugonga. Kwenye injini zile sensa inakaa chini ya manifoldi ya hewa, kwenye joto miaka 20, plastiki inapasuka. Kontroli boksi isipoisikia sensa haibahatishi, inachelewesha cheche tu kwa usalama. Ungemimina oktani 120 kwenye tanki lile isingejua. Walibadilisha, wakafuta kodi, na ile chupa ya mwisho ikabaki kwenye buti haijafunguliwa.

Hapo ndipo ningeanzia kila mara. Sensa. Pampu ya mafuta iliyochoka, ambayo inaipa injini mafuta machache wakati turbo inajaza. Oili inayopanda na mvuke wa injini kuingia kwenye hewa, kwa kuwa oili kidogo tu inashusha uvumilivu wa petroli nzuri. Halafu sheli. Uchakachuaji haujawa hadithi ya zamani kabisa, ingawa tangu 2010, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta, mchezo wa kuchanganya na mafuta ya taa umekuwa wa hatari kwa anayeucheza. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana, na kiasi kidogo kwenye petroli kinakula kile chupa inachodai kuongeza. Nikishuku, nahama sheli kwa matanki kadhaa na kuangalia kizidishi. Ni kipimo cha bure.

Forester yangu sasa inasoma 1 muda wote. Oili ilikuwa inaingia kwenye hewa, tukaitibu. Kisha kijana mmoja wa Dar aliyekuwa amekuja kwa kazi nyingine akaipanga upya ramani ya taimingi kwa petroli hii hii ya hapa. Alipunguza presha ya turbo kidogo juu kabisa, akailainisha taimingi pale ilipokuwa inagonga, na kwenye karatasi gari lina farasi wachache kuliko lilivyotoka kiwandani. Sukamahela linapanda vizuri kuliko zamani, kwa sababu halipandi tena likisitasita. Gharama yake niliipigia hesabu dhidi ya chupa: kwa mtu anayemimina moja kila anapojaza tanki, na anajaza kila wiki, inarudi kabla mwaka haujaisha.

Ukibaki na ramani ya Japani na una safari ndefu ya joto, chupa ya MMT kwenye tanki lenye mafuta machache itakusaidia kidogo, soma tu kipimo kwa lita na usizidishe. Plagi zikague ukirudi.