Si virusi, si jini: kipanya changu kilivyonitia wazimu

Wiki mbili nzima kishale cha kipanya kwenye skrini ya kompyuta yangu kilikuwa hakishikiki. Kinakwenda vizuri, mara kinaganda, mara kinaruka hadi pembeni ya skrini kama punda wa Langoni aliyechapwa. Nami nina video za harusi za kukata, na mama wa bi harusi kila baada ya Alasiri yuko mlangoni: "Mwanangu, bado tu?"

Ushauri haukukosekana. Fundi mmoja, jina namsitiri, hata kukishika hakukishika. "Hiyo virusi. Fomati." Nami mjinga nikafomati! Siku ikaisha, kompyuta ikawa safi kama imetoka kwenye boksi, na kipanya kikaruka vilevile. Jirani yangu wa barazani akasema ni chumvi ya bahari. Hilo nililisikiza, kwani hapa Lamu chumvi inakula mpaka bawaba. Nikakipindua, nikatoa unywele uliojikunja kwenye kitundu cha taa, nikafuta kwa pamba ya spiriti, nikasugua vyuma vya betri, nikatia betri mpya. Kioo cha meza nacho nikakiondoa: jicho la kipanya hupiga picha za meza maelfu kwa sekunde ili lijue kimesogea wapi, na juu ya kioo kitupu halioni kitu. Nilifanya kazi nzuri sana, na yote bure.

Basi asubuhi moja nimesahau diski ya video nyumbani. Nikaandika barua ya mteja kutoka Matondoni, kishale kimetulia tuli. Mtoto akaniletea diski, nikaichomeka, wazimu ukarudi palepale. Nikachomoa: tuli. Nikachomeka: wazimu. Nilirudia kama mara saba huku nacheka peke yangu, mteja ananitazama na barua yake mkononi.

Kumbe ni jirani mbaya. Waya na tundu za USB 3.0, zile za kuchomekea vifaa kama diski yangu, ambazo aghalabu zina rangi ya buluu ndani, hutoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na kipanya changu kisicho na waya kinazungumza hapohapo. Intel wenyewe, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walilieleza jambo hili mwaka 2012. Kile kipokezi kidogo cha kunasa mawimbi ya kipanya nilikuwa nimekichomeka ubavuni mwa diski, sawa na kumnong'oneza mtu kando ya ngoma. Nikakihamishia tundu la upande wa pili, kikapata nafuu lakini si kupona. Nikanunua waya wa kurefushia, shilingi mia mbili, mia tatu hivi, nikakileta kipokezi hadi karibu na mkono wangu na kukibandika mezani kwa selotepu. Harusi ikamalizika kukatwa usiku uleule.

Sasa kitufe cha kushoto kimeanza: nabofya mara moja, chenyewe kinabofya mbili. Hicho ni kiswichi kimechoka ndani. Fundi wangu ameshapita, akaangalia kwa mbali, akasema ni virusi.