Sailensi inapanda na kushuka: nilivyohangaika mpaka nikajua hewa inapita wapi

Gari yenyewe ni ya mwaka 1993, injini ya silinda nne, injeksheni zile za mwanzo mwanzo ambazo juu ya injini kumejaa mipira ya hewa imepishana kila upande. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye sailensi, yaani ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, asubuhi injini ikiwa ya baridi inawaka vizuri tu na mshale wa mzunguko unakaa 1500 kwa dakika, sawa, injini baridi ndo inavyotakiwa, ila ikishapata moto badala ya kushuka itulie kwenye 750 inaanza kupanda na kushuka, 1000 mpaka 1800, inarudi 1000, inapanda tena, vuuu, vuuu, na hakuna aliyekanyaga mafuta. Kwenye foleni watu wanakugeukia wanadhani unawapigia resi.

Fundi wa kwanza akasema plagi, nikabadilisha zote nne, hamna kitu. Wa pili hakuuliza hata swali moja, alifungua boneti akachukua bisibisi moja kwa moja kwenye skrubu ile inayozuia kibati cha throtoli (kile kinachofungua na kufunga njia ya hewa ya injini ukikanyaga mafuta) kisifunge kabisa, akairudisha nyuma mpaka mlio ukapungua kidogo akasema tayari. Kesho yake vuuu vuuu ipo palepale na sasa imeongezeka nyingine, pedali ya mafuta inanata pale mwanzo unapoikanyaga, inagoma halafu inaachia ghafla gari inaruka mbele. Hilo lilinitisha kweli, maana hapo umesimama nyuma ya mtu anavuka barabara. Nikasema basi, sasa naikalia mwenyewe nielewe kabla sijampa mtu mwingine bisibisi.

Kitu kilichonifungua akili ni kuelewa kwanza sailensi inatokea wapi. Ukiwa hujakanyaga mafuta kibati cha throtoli kimefunga, kwa hiyo hewa ya kuiwasha injini inapita kwenye vinjia vya pembeni, kuna kinjia kidogo cha kawaida, kuna valvu ya sailensi inayoongozwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na kwenye gari nyingi za umri huu kuna valvu nyingine ya nta ambayo haina umeme wowote, yenyewe inasikiliza joto la maji tu, injini ikiwa baridi inafungua hewa nyingi, maji yakipata moto nta inatanuka inafunga. Hewa yoyote inayoingia nje ya hizo njia ni ya wizi. Sasa kule kupanda na kushuka, kontroli boksi ikiona throtoli imefungwa na mzunguko uko juu sana inaelewa kwamba unateremka mlima umeachia mafuta, inakata petroli, mzunguko unaanguka, inarudisha petroli, na kwa sababu hewa imezidi mzunguko unapanda tena, inakata tena. Ndo ile vuuu vuuu. Yaani kontroli boksi ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, na mimi nilishaanza kuulizia kontroli boksi ya mtumba! Na kuna dalili nilikuwa naiona siku zote bila kuijua, nikiwasha taa kubwa na feni ya ndani gari inatulia kidogo, kumbe ule mzigo wa alternata unashusha mzunguko chini ya pale petroli inapokatwa.

Kusoma kodi, yaani namba za makosa ambazo kontroli boksi inahifadhi, kwenye gari kama hii hakuhitaji mashine (kiwango cha OBD-II cha kusoma makosa kwa mashine Marekani walikilazimisha kuanzia magari ya mwaka 1996, hii ni ya kabla ya hapo), unaunganisha pini mbili za konekta ya kupimia kwa kipande cha waya halafu unahesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Yangu ikasema hakuna kosa. Hapo wengi wanaishia, lakini kontroli boksi haina macho ya kuona mpira uliopasuka, inajua tu waya ukikatika au kushoti. Kwa hiyo nikachukua mita nikapima sensa ya joto la maji mwenyewe, ikiwa baridi ikanipa kama kilo-omu 2.4, ikiwa moto kama omu 300, hiyo ni nzima. Swichi ya throtoli nayo inagusa ukiachia pedali na inaachia ukigusa kidogo tu, nzima.

Nikarudi kwenye ile skrubu. Kiwandani walikuwa wameipaka rangi ya njano ili mtu akiigusa ijulikane, na rangi ilikuwa imepasuka katikati, nusu imebaki kwenye nati na nusu imezunguka kwenda chini. Nikaizungusha taratibu mpaka zile nusu mbili zikakutana, na palepale pedali ikaacha kunata, maana kibati kilikuwa kimerudishwa mpaka kinajikaba kwenye ukuta wa throtoli. Hii skrubu si ya kuwekea sailensi hata kidogo na inanikera sana ninavyoona ndo kitu cha kwanza watu wanagusa. Ukiirudisha kibati kinang'ang'ania, ukiikaza swichi haigusi tena na kontroli boksi haijui kama umeachia mafuta.

Nikasafisha throtoli kwa kitambaa, ilikuwa na pete nyeusi ya masizi pale kibati kinapofungia, ikawa safi inang'aa, ugonjwa uleule. Sawa, angalau imeondoka kwenye mashaka.

Halafu ndo nikaanza kazi ya kubana mipira, na hii ndo ningemfundisha mtu kabla ya kitu kingine chochote. Injini ipo moto, inafanya vuuu vuuu, unachukua koleo unalifunga kitambaa mdomoni lisikate mpira, unabana mpira mmoja wa hewa unasikiliza, unaachia, unaenda mwingine. Wa buster ya breki, ile inayoifanya pedali ya breki iwe nyepesi, nikabana, hakuna mabadiliko. Wa kupumulia wa valvu kava, kile kifuniko cha juu ya injini, mzunguko ukashuka kidogo sana, kawaida. Kuna watu wanapuliza spirei ya kusafishia kabureta kutafuta panapovuta hewa, mimi sikuthubutu kufanya hivyo karibu na eksozi iliyoiva, nilitumia chupa ya kupulizia maji, kidogo kidogo kwenye gasketi ya manifodi, pale bomba la hewa linapoungana na injini, mbali na koili, hamna. Nikafika kwenye mpira mnene kama kidole gumba unaoenda kwenye ile valvu ya nta chini ya throtoli. Nikabana. Mshale ukashuka mpaka 800 ukasimama. Umesimama kabisa! Nikaachia, vuuu. Nikabana, kimya. Nilirudia kama mara sita nahisi mikono inatetemeka, wiki zote zile jibu lilikuwa humo.

Mtu mwingine hapo angenunua valvu mpya, na mimi nilikaribia. Ila nikajiuliza, kama valvu inasubiri joto, je joto linaifikia? Kuna vipaipu viwili vidogo vya maji vinaingia na kutoka kwenye throtoli, nikavigusa kwa haraka. Kimoja kinaunguza. Kingine vuguvugu tu, unaweza kukishika hata dakika nzima. Maji hayapiti. Valvu yenyewe nzima, imekaa pale inaamini injini bado ni ya baridi kwa hiyo imeacha mlango wazi.

Nikaacha gari ipoe kabisa (msifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto, maji yanatoka kwa presha yanaunguza vibaya), kufungua maji yako chini, kidole hakiyafikii. Nikajaza, bado kipaipu baridi. Nikavichomoa vyote viwili nikapuliza, kimoja kimeziba kwa kutu, manake kwa miaka gari iliwekwa maji matupu bila kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu. Nikachokonoa kwa waya laini, nikapitisha maji mpaka yakatoka meupe, pale mwanzo yalikuwa yanatoka kama chai ya rangi. Maji yalikuwa yanapungua kupitia klipu ya mpira wa chini iliyolegea, inavuja tone tone likidondokea kwenye moto linakauka kabla halijafika chini, ndo maana sikuwahi kuona alama. Nikaweka klipu mpya, nikajaza kulanti, nikaegesha pua ya gari ikiangalia juu ya mteremko kifuniko kikiwa wazi, nikaiwasha toka baridi, hita ya ndani nimefungua mpaka mwisho, mapovu yakatoka muda mrefu sana mpaka yakaisha.

Nilikaa ndani naangalia mshale. 1500, ukaanza kushuka wenyewe polepole, 1300, 1100, 900. Nikavigusa vile vipaipu, vyote viwili vinaunguza. Ukafika 750 ukakaa hapo.

Siku ya pili ikabaki kitu kidogo, nikikata usukani ikiwa imesimama mzunguko unaanguka karibu kuzima, hiyo ilikuwa valvu ya sailensi ya umeme kuwa na uchafu, nikaifungua nikaisafisha, nikachomoa terminali ya betri robo saa kontroli boksi isahau yale mahesabu ya zamani, nikarudisha. Imeisha.

Ile skrubu nimeipaka rangi nyingine, nyeupe, mstari mmoja kutoka kwenye nati mpaka kwenye skrubu. Gari ikitoka kwa fundi, hata kama ilienda kubadilishwa breki tu, nafungua boneti kwanza naangalia kama ule mstari bado umenyooka.