Hawa Watu Umewafukuza?

"Baba, nimekosea jina langu?"

Jana jioni binti yangu alikuwa amekalia kiti changu, anaandika insha kwenye laptopu. Chini ya Akinyi kulikuwa na kile kimstari chekundu cha mawimbi. Nikamwambia hujakosea, ni kompyuta tu haikujui. Akaniangalia vile mtoto anavyomwangalia mtu mzima anayeficha kitu. Nami kweli sikuwa pale tena. Nilikuwa Kibuye, Kisumu, mwaka wa 2015, na Madam anafuta miwani yake kwa ncha ya leso.

Ile ofisi ya akiba na mikopo ilikuwa ghorofani, na harufu ya omena ilipanda ngazi kutoka sokoni bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa "kijana wa kompyuta", cheo nilichopata kwa kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Jumatano moja stima ikapotea ghafla, na iliporudi LibreOffice, programu yetu ya kuandikia na kupigia hesabu, ikawa inachungulia tu na kujifunga. Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi. Karatasi za gawio hazikuwa zimechapishwa.

Rafiki yangu akanielekeza kwa simu. Mipangilio yote, akasema, hukaa kwenye folda moja iitwayo user, imefichwa huko ndani ya AppData, chini ya nyingine iliyoandikwa 4. (Hiyo 4 iko mpaka leo, hata baada ya matoleo yote yaliyopita.) Iondoe, programu itajitengenezea mpya kama siku ya kwanza, na hati zako hazitaguswa. Yote kweli. Alisema pia niibadilishe jina tu, niiite user-zamani, nisiifute. Hilo nililisikia nusu. Nikabonyeza Shift na Delete, ile ya kufuta bila hata kupitia pipa la taka. Ujana.

Programu ikafunguka upesi, safi. Meneja akanipigapiga begani, nikanunuliwa soda.

Alhamisi asubuhi Madam akaketi. Aliandika kwa vidole viwili na bado hakuna aliyemshinda kasi pale ofisini. Siri yake sikuijua mpaka siku hiyo. Akaandika wws, akabonyeza nafasi, akangoja. Akafuta. Akaandika tena wws, polepole, kama anayemsemesha mtu mwenye masikio mazito, akangoja. Kwa miaka minne herufi hizo tatu zilikuwa zikijigeuza zenyewe kuwa "Waheshimiwa wanachama, salamu sana". Sasa zilikaa tu pale, wws.

Hakusema kitu. Akafungua karatasi ya hesabu, akaweka kiasi kwenye safu mpya, akabonyeza kitufe cha pesa. Ikatokea alama ya dola. Windows yetu ilitoka dukani imewekwa Kimarekani, kumbe ni yeye aliyeifundisha programu shilingi. Hapo nilianza kusikia jasho. Kisha akafungua orodha ya mahudhurio.

Ukurasa mzima ulikuwa mwekundu. Otieno, mstari. Nafula, mstari. Wekesa, Atieno, Barasa. Akateremka ukurasa wa pili, wa tatu, kile kigurudumu cha kipanya kikilia kichikichi, na wekundu ukizidi kupanda kutoka chini. Akavua miwani.

"Wuoda, mwanangu," akasema, "hawa watu umewafukuza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kila mwanachama alipojiunga, Madam alikuwa akibofya jina lake na kuliongeza kwenye kamusi ya programu. Kamusi hiyo hukaa humohumo ndani ya user, pamoja na vifupisho vyake vyote. Nilikuwa nimefagia nyumba na kutupa hadi albamu ya picha.

Tulishinda tukiwarudisha. Yeye anasoma, mimi nabofya. "Huyu ni wa mbuta. Huyu mkaa. Huyu hulipa, lakini mpaka akumbushwe." Karibu na magharibi akataja jina nisiloliona popote.

"Hayupo kwenye orodha, Madam."

"Alikufa Februari. Mjane wake bado tunamwandikia. Weka."

Nikaweka.

Mkutano ukapita, gawio likalipwa, kwa shilingi. Majina yalirudi lakini vifupisho havikurudi. Mpaka anastaafu Madam aliandika "Waheshimiwa wanachama" herufi kwa herufi, kwa vidole vile viwili, na sijui kama alivisahau au alikuwa ananiadhibu.

Siku hizi mambo ni rahisi. Tangu toleo la 5.3 la 2017 kuna hali salama kwenye menyu ya Msaada, unachagua cha kurudisha mwanzo na cha kuacha. Mimi bado nabadilisha jina la folda kwa mkono. Kwenye mashine tatu nina folda za user-zamani ambazo sijawahi kuzifungua, na mke wangu anasema huo si uangalifu, ni woga. Labda.

Nikamwonyesha Akinyi pa kubofya. Mstari ukatoweka.

"Sasa imenijua?"

"Hii moja tu."

Akafikiri kidogo, akaacha insha yake, akaandika jina la dani, bibi yake. Likawa jekundu. Akaandika la babu. Jekundu. Nikasogeza kiti, nikamwachia kipanya.